Herufi Moja Iliyopindua Mapipa ya Mtaa Wetu

Nyumba ya nne baada ya karakana,
Mtaa wa nyuma ya bohari la halmashauri.

Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe na wote wa nyumbani kwako? Shemeji hajambo? Lile goti bado linakusumbua ukipanda ngazi, au baridi ya huko imelihurumia? Sisi huku tu wazima. Mimi nina miaka sabini na minne na meno kumi na tisa, yote ya kwangu, na asubuhi nafagia uwanja mzima kabla jirani hajafungua dirisha. Mguu wa kulia tu ndio mkaidi kidogo, lakini hiyo tabia umeirithi kwangu, tutafanyaje.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Binti yangu alitaka kuniandikia kwenye simu, nikamkatalia. Mambo ni yangu na aibu yake ni yangu, basi na mwandiko uwe wangu. Ukiona mstari umepanda mlima ujue hapo nilikuwa nacheka, ukiona umeteremka ujue nilikuwa nimechoka. Nimetumia siku tatu. Wewe ulifika darasa la nane, mimi niliacha la pili nikaenda kushika usukani, kwa hiyo usinisahihishe kwa kalamu nyekundu.

Habari yenyewe ni ya huyo huyo binti, kitindamimba wangu anayekuita shangazi wa mbali. Wiki hii alikuwa karibu kupoteza kazi yake, yeye na wenzake kumi na mmoja, na aliyekuwa anampotezea ni mimi baba yake. Soma taratibu.

Wewe uliondoka siku nyingi, hujui mji ulivyochafuka. Ile mitaro niliyoichonga mimi kwa greda, mitaro ambayo ungeweza kulaza yai lisitikisike, ilijaa mifuko ya nailoni na chupa mpaka maji ya mvua yakawa yanaingia majumbani bila kubisha hodi. Mwaka huu halmashauri ikaamka. Na kilichonishangaza kwanza ni kwamba ilianza na mlango wake yenyewe. Ofisini kwao zile chupa ndogo za maji zimepigwa marufuku. Sasa kila diwani ana kikombe chake cha bati, na mtungi mkubwa umekaa pembeni na bomba lake. Sokoni wauza juisi wamepewa vikombe vya chuma: unakunywa, unarudisha, vinaoshwa pale pale kwa maji moto. Mfuko wa kubebea unatoka nao nyumbani. Ukiusahau, vitunguu utabeba kwenye kofia. Mimi nimebeba kwenye kofia mara mbili.

Kisha kila nyumba ikaletewa mapipa mawili, la kijani na la bluu. Na ule uwanja wa magreda, pale nilipofanya kazi miaka thelathini na moja, ukageuzwa kituo cha kuchambua taka. Msimamizi wakamweka nani? Binti yangu. Mdogo wangu, nilizunguka mtaa mzima nikimwambia kila mtu, hata waliokuwa wameshasikia. "Taka zote za mji huu," nikawaambia, "zinapita mikononi mwa damu yangu."

Sasa sikiliza. Mapipa yalipigwa maandishi meupe, kwa kile kibao kilichotobolewa herufi wanachopakia rangi juu yake. La kijani: TAKA ZINAZOOZA. La bluu: TAKA ZISIZOOZA. Wewe umesoma mara moja na umeelewa. Mimi nilivaa miwani, nikasoma herufi moja moja kwa kidole, nikapata hivi: taka zinazouza. Na lile jingine: taka zisizouza. Nikatabasamu. Nikasema kumbe halmashauri ina akili. Vile vyenye soko, yaani chupa na makopo na ndoo zilizopasuka, viende kwenye kijani. Maganda na viporo nani atanunua? Viende kwenye bluu. Mbona wazi!

Nami si mtu wa kukaa na elimu peke yangu. Nilichukua fimbo nikapita mlango kwa mlango, nyumba thelathini na nane, na mguu huu huu. Kila nyumba nikafunza: chupa ioshwe, ianikwe juani, kifuniko kivuliwe, kisha iingie kijani. Ganda lolote, bluu. Aliyebisha nilikaa naye mpaka akachoka. Unanijua.

Ni mmoja tu aliyenisumbua, yule mama fundi cherehani wa nyumba ya pembeni, ulimi wake mkali kuliko mkasi wake. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni, futi ya kupimia shingoni.

"Baba, una hakika?"

"Hakika gani nyingine unataka? Mkubwa wa kile kituo anakula meza moja na mimi kila Jumapili."

"Maana naona hapa..."

"Wewe unaona, mimi najua."

Akalitazama pipa, akanitazama mimi, akalitazama pipa tena. "Haya baba. Mwenye mtoto ni wewe."

Basi tukaanza. Gari la mapipa ya kijani linapita Jumatatu, la bluu linapita Alhamisi, na kila gari linakusanya mitaa saba kwa pamoja. Mtaa wetu ulipendeza, nakuapia. Juani ungeona chupa zimepangwa ukutani kama askari wa gwaride. Wapakiaji walikuwa wakimwaga pipa garini halafu wanatikisa vichwa. Nikadhani ni kustaajabu.

Miezi mitatu ikapita. Binti yangu akaanza kukonda. Jumapili anakuja, anakaa, anasukuma chakula upande huu wa sahani, anakirudisha upande ule. Nikamwuliza, mumeo amekuudhi? Akasema hapana. Nikamwuliza tena, na mimi nikiuliza huwa siachi.

"Kuna mtaa mmoja unaniharibia kazi, baba. Taka zao zinakuja kinyume. Zikishaingia gari moja na za mitaa mingine, zinachafua zote."

Nilipiga meza vijiko vikaruka. "Nitajie huo mtaa! Nitakwenda mwenyewe nikawafunze adabu. Watu wa hovyo kabisa! Hawajui hata kusoma?"

Alinitazama muda mrefu sana, mdogo wangu. Mpaka nikajifuta mdomo nikidhani kuna kitu kimenishika.

"Kunywa chai, inapoa," akasema. "Kesho njoo kituoni. Ukaone kazi yangu."

Nilikwenda nimevaa koti, maana nilijua watataka kumwona baba wa msimamizi. Nilidhani nakwenda kuona jaa lenye uzio. Mimi nimeendesha greda, nimeendesha katapila, nimewahi kuvuta lori lililozama tope mpaka madirishani. Mashine hainitishi. Lakini pale mlangoni nilisimama kama mtoto aliyepotea sokoni.

Hakukuwa na harufu ninayoijua. Pale lilipokuwa likilala greda langu sasa kuna meza ndefu ya bati, na watu kumi na mmoja wenye glavu wamesimama pande mbili, mikono inakwenda kama wanapiga ngoma. Chupa huku, makopo kule, katoni nyuma. Katikati yao yuko mama mmoja mnene wanayemwita Masikio. Unajua kwa nini? Plastiki ziko za aina nyingi, na zikichanganyika haziyeyuki pamoja, zinaharibika. Huyu mama haangalii. Anaiminya chupa karibu na sikio, inalia, naye anaijua kwa mlio. Nikasema huo ni uongo. Akafumba macho, akaniambia nimletee chochote.

"Hii ya maji," akasema. Sawa. "Hii ilikuwa ya mafuta ya kupikia." Sawa. Nikampa cha tatu. Akakiminya, akakunja uso.

"Hii ni kofia yako mzee. Irudishe, jua kali."

Meza nzima ilicheka, nami nilicheka mpaka machozi.

Kisha binti yangu akanipeleka kwenye pipa kubwa la maji. Chupa zimesagwa pamoja na vifuniko vyake, vyote vipande vidogo kama kucha, vimechanganyika. Nikasema hapa mmekwama, hakuna binadamu wa kuchambua hivi. Akavimwaga majini. Mdogo wangu! Vya vifuniko vikaelea juu, vya chupa vikazama chini, vyenyewe, bila kuguswa na mtu. Maji matupu! Nimekaa na maji maisha yangu yote, nimeyanywa, nimeyaoga, nimeyachimbia mitaro, wala sikujua yana akili hiyo. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena. Nilikaa pale nikiangalia vipande vinavyoagana, hivi vinapanda, hivi vinashuka, nikasahau kwamba nimesimama kwa mguu mbovu.

Ukutani kulikuwa na marobota ya chupa zilizogandamizwa, yamepangwa mpaka darini. Akaniambia kila robota moja ni mtaro mmoja uliokuwa umeziba. Akaniambia vile vipande vinakwenda kiwandani, vinarudi mabomba, na mabomba hayo halmashauri itayalaza kwenye mitaro ile ile. Nikavua kofia. Safari hii si kwa kumtega Masikio, niliivua kwa heshima.

Nyuma kuna malundo marefu ya mboji, yale maganda na mabaki yanayooza mpaka yawe udongo mweusi wa kutilia bustani. Kuna fimbo ya chuma wanaichomeka ndani, wanaichomoa, unaigusa. Lundo la kwanza fimbo ilitoka ya moto, nikairuka. Yaani uozo unapika wenyewe, bila kuni! Lundo la pili ikatoka ya baridi kama kisu cha kabatini.

"Hili limekufa," binti yangu akasema. "Na lile. Na lile la mwisho. Ndani mmejaa chupa."

Nilikuwa bado nalaani hao waliofanya hivyo gari la kijani lilipoingia. Likainua mgongo, likamwaga. Na juu ya lile fungu, safi, zinang'aa, zikaporomoka chupa. Zimeoshwa. Zimevuliwa vifuniko. Na ya mbele kabisa, iliyobingirika ikasimama karibu na kiatu changu, ilikuwa na mpini wa waya mwekundu. Huo waya niliufunga mimi. Ilikuwa chupa yangu ya mafuta ya taa.

Masikio akaja, akashika kiuno. "Ndio wale tena. Wanaosha vizuri, wanapanga vizuri, halafu wanaweka kinyume. Sijui wamerogwa na nani."

Nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kwenye pipa la kijani pameandikwa nini?"

"Taka zinazooza."

"Zinazouza?"

"Zinazooza, mzee! Kuoza. Kama nyanya. Maganda nani anayauza?"

Nikaiokota ile chupa yangu, nikaificha ndani ya koti. 

Binti yangu alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniambia yote. Kamati ya madiwani inakaa Alhamisi. Wanataka kukifunga kituo, taka zirudi kwenye lile jaa la zamani, na wafanyakazi wote waende nyumbani, maana mboji imekufa na katoni zinakuja zimelowa viporo. Walimwuliza kosa linatoka wapi. Yeye alijua mwezi mzima. Akawajibu kosa ni la usimamizi.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Nikutaje mji mzima ukucheke?"

"Basi kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia baba, ungesema halmashauri ndiyo haijui kusoma."

Na ni kweli, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Maana kile kibao kimeikata vibaya ile O ya pili, imebaki wazi juu. Ukiiangalia vizuri, ni U kabisa! Lakini nilimwona jinsi mabega yake yalivyo madogo ndani ya lile koti la kazi, nikafunga mdomo. Mtoto huyu niliyembeba begani alikuwa amenibeba mwezi mzima, na hakuniambia kwamba mimi ni mzito.

Nilirudi mtaani nikaanza upya, mlango wa kwanza mpaka wa thelathini na nane. Siku mbili. Kila mlango nilisema, jamani nilisoma vibaya, geuzeni. Nilidhani watanitukana. Hakuna aliyenitukana. Nikafika kwa fundi cherehani.

"Nilijua," akasema, hata mguu hakuutoa kwenye cherehani. "Mimi nasoma, baba. Karani wa mahakama hapo jirani anasoma. Mwalimu naye si anasoma? Tuliona."

"Mliona na mkaninyamazia?"

"Tulijua wewe una siri ya ndani. Mtoto wako ndiye mkubwa. Tukasema labda maandishi ni ya watu wengine, sisi tumepewa utaratibu wetu." Akakata uzi kwa meno. "Na isitoshe ulikuja na mguu ule. Mtu hatembei milango thelathini na nane kwa mguu ule kuja kusema uongo."

Nilikwenda nikakaa kwenye ngazi ya nyumba yangu. Nimewahi kuogopa mara chache, lakini siku ile niliogopa. Watu wanaosoma waliona kwa macho yao neno ni jingine, wakaliacha, wakashika la kwangu. Mimi nimejisifu maisha yangu yote, mdogo wangu, wala sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu ananisadiki.

Alhamisi nikavaa lile koti tena. Ukumbi ni mkubwa, feni juu, vikombe vya bati mbele ya kila diwani, raia tunakaa nyuma. Mwenyekiti wa kamati ni mama mfupi aliyekuwa muuguzi, anaangalia watu kama anayetafuta homa. Binti yangu alisimama na karatasi yake, akasoma, akafika kwenye lile neno: kosa ni la usimamizi.

Nikasimama. "Mwenyekiti, huyo anadanganya."

Ukumbi wote ukageuka. Binti yangu akafumba macho.

"Mzee, wewe ni nani?"

"Mimi ni baba yake. Na mimi ndiye niliyeua mboji yenu."

Nikaeleza. Sikupamba. Nikasema nilisoma zinazouza, nikawafunza watu zinazouza. Wakaanza kucheka. Mwenyekiti akaniuliza, "Nyumba ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Na ngapi zilikosea?"

"Zote, mama. Hata moja haikupatia."

Diwani mmoja alipaliwa na maji. Lakini mwenyekiti hakucheka. Alimgeukia binti yangu.

"Katika ile mitaa mingine sita, nyumba ngapi zinatenganisha sawasawa?"

"Nusu. Wiki nyingine hata nusu hazifiki."

"Na mtaa wa mzee?"

"Huo haujawahi kuchanganya, mwenyekiti. Ni kinyume tu. Lakini hauchanganyi."

Kicheko kikakatika. Yule mama akaweka kalamu chini. "Sisi tulipaka rangi mapipa tukarudi ofisini kungoja," akasema. "Huyu alibisha hodi. Alikosea neno, lakini alibisha hodi. Nasi tunataka kufunga kituo?"

Walibishana saa nzima, na mimi sikusema kitu, uliza wote waliokuwepo. Mwishoni wakakubaliana: kituo kinabaki, kwa miezi sita kwanza. Wapakiaji wafunue pipa kabla ya kumwaga. Mapipa yote yachorwe picha, ganda la ndizi kwenye kijani na chupa kwenye bluu. Na kila mtaa uwe na mtu wa kupita mlango kwa mlango. Binti yangu na wenzake kumi na mmoja wanaendelea na kazi. Hapo niliomba ruhusa tena, nikasema ile O izibwe juu. Imeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, wala sikutanii. Wakaniuliza kama nitawafunza wale watakaopita mitaa mingine. Nikasema nitafikiri, na kofia nilikuwa nimeshaivaa.

Tulitoka pamoja. Ngazi za ukumbi ule ni ndefu, binti yangu akanishika mkono. Tulipofika katikati akasimama.

"Baba," akasema, "tangu nizaliwe, leo ndiyo mara ya kwanza nakusikia ukisema umekosea."

"Usizoee," nikamwambia.

Akacheka mpaka ikabidi mimi ndiye nimshike.

Nisalimie sana shemeji, mwambie drafti niliyomfunga mara nne bado naikumbuka, kama yeye amesahau. Wasalimie wapwa zangu mapacha, yule mnene na yule msemaji, na mkweo mpya ambaye sijamwona. Msalimie na bibi jirani yako aliyenitumia soksi, zinanikaa vizuri. Binti yangu anakuamkia, shikamoo shangazi, na fundi cherehani anasema hakujui lakini anakupa pole kwa kukua pamoja nami.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akupe siku za kutosha na wa kuzicheka pamoja naye.

Mimi ndimi kaka yako, akupendaye na asiyebadilishika,

Mbishi